Mhuri Juu ya Mchoro wa Mwingine

Anayesanifu nyumba kwenye miteremko ya Uluguru, upande wa mjini Morogoro, hachori mlima. Huambatisha faili ya mpima yenye mistari ya mwinuko, nyingine yenye mipaka ya viwanja, na ya tatu yenye mito: Morogoro, Kikundi, Bigwa. Tangu toleo la 11 la programu ya kuchorea ya AutoCAD, la mwaka 1990, jambo hili hufanywa kwa faili rejea. Mchoro mkuu hauuhifadhi mlima. Unahifadhi anwani ya faili na mahali ilipobandikwa. Kila ukifunguliwa, programu huifuata anwani hiyo na kuleta kilichopo siku hiyo. Faili ikihamishwa folda, mlima hutoweka na mahali pake hubaki mstari wa maandishi unaotaja faili isiyopatikana. Basi anayegonga mhuri juu ya mchoro huo anashuhudia nini hasa, naye sehemu kubwa ya kinachoonekana hakukichora na huenda kesho kisiwe vile kilivyo leo?

Kuegemea kazi ya mwingine hakuna aibu. Karibu yote tunayoyajua tumeyapokea, na anayedai kuthibitisha kila kitu kwa macho yake hatajenga hata choo. Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad waliliona hili mapema. Wao hawakumwona Mtume, wala hawakujifanya kuwa wamemwona. Walichokifanya ni kuuliza habari imepokelewa na nani, kutoka kwa nani, na kama hao wawili walipata kukutana. Matini nzuri yenye sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, iliyokatika haikuwatosha. Hapo ndipo ninapoona jibu: dhamana ya anayerejea haipo katika kuirudia kazi ya mwenzake, ipo katika kiungo kinachomfunga na mwenzake. Kiungo hicho hakuna mwingine anayeweza kukijibia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekifunga.

Mito ya Morogoro inaonyesha uzito wa jambo hili. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ramani nyingi za zamani za nchi hii zilipimwa kwa mfumo wa koodineti uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya setilaiti vya leo hutoa koodineti za mfumo mwingine. Faili ya mto ya mfumo wa zamani ikibandikwa kwenye mchoro wa mfumo mpya bila kubadilishwa, hukaa kando ya mahali pake kwa takriban mita 300 kati ya kaskazini na kusini, na karibu mita 90 kati ya mashariki na magharibi. Kwa mto unaoteremka kutoka mlimani kwenda kaskazini, hizo 90 peke yake zinatosha kuimeza hifadhi yote ya ukingo. Nyumba itaonekana salama kwenye karatasi, na huku iko mtoni. Na hapo hakuna aliyesema uongo: mpima alipima sawa, msanifu alichora sawa. Kosa limekaa kwenye kiungo.

Atasema mtu kwamba kila mtaalamu ana mhuri wake, hivyo makosa ya mto ni ya mpima. Lakini mpima aliapia namba zake ndani ya mfumo wake. Hakuapia mahali utakapozibandika. Wengine, na hoja yao ni nzito zaidi, watasema faili iliyo hai ndiyo ya kweli kuliko nakala iliyogandishwa, maana mto huhama na vipimo husahihishwa. Nakubali kwa muda wote wa kazi: hapo faili rejea humlazimisha mchoraji awe mnyenyekevu mbele ya marekebisho ya mwenzake. Ila mhuri ni ushahidi, na ushahidi una siku yake. Shahidi ambaye maneno yake yanabadilika baada ya kutoka mahakamani hajashuhudia chochote. Siku ya kuwasilisha, faili zifungwe ndani ya mchoro, na vipimo vikisahihishwa baadaye, mchoro usahihishwe na kugongwa mhuri upya kwa tarehe mpya.

Nao wanaolalamika kwamba ukaguzi huo ni mzigo wajue ni mdogo. Hauhitaji kupima mlima upya. Chukua alama moja ya mpaka inayojulikana, isimamie kwa kifaa chako, linganisha namba na zilizo kwenye mchoro; msogeo wa mita 300 haujifichi. Msanifu, kabla ya kugonga mhuri, andika kwenye karatasi ya kwanza jina la kila faili uliyoiegemea, tarehe yake, mfumo wa koodineti zake na alama uliyoihakiki; na ofisi inayotoa kibali isiupokee mchoro usio na maelezo hayo.