Dhamana ya Mkono Usiozoea: Swali la Fikihi katika Kulifunga Tabo Gari Kuukuu

Swali la nani ana haki ya kushika kazi ambayo hajapata kuifanya ni la zamani katika fikihi, yaani elimu ya hukumu za sharia ya Kiislamu, na huko Unguja, ambako Waislamu walio wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, laweza kuulizwa kwa uzito uleule juu ya mwenye gari kuukuu anayepanga kulifunga tabo kwa mikono yake mwenyewe. Tabo ni mtambo wa feni mbili ndogo zilizoshikwa na mhimili mmoja: ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka katika injini, na ya pili, kwa mzunguko huohuo, huvuta hewa na kuishindilia ndani ya silinda, ili mafuta mengi zaidi yapate hewa ya kuungulia na nguvu iongezeke bila ya injini yenyewe kukuzwa. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliliombea wazo hilo hataza mwaka 1905, na tangu hapo limeingia katika meli, malori na magari madogo.

Ugumu wa swali hauonekani mpaka itazamwe injini yenyewe. Mfano ulio karibu ni injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ambayo imebeba Land Cruiser nyingi za Afrika Mashariki tangu mwaka 1990. Iliundwa ivute hewa yenyewe, tofauti na ndugu yake 1HD-T iliyotoka kiwandani na tabo. Mafuta yake huanza kuungua katika chumba kidogo cha pembeni kabla ya moto kuingia katika silinda. Hewa peke yake haiiumizi injini ya namna hiyo. Kinachoiumiza ni pampu kufunguliwa imwage mafuta kuliko hewa iliyopo, kwa sababu hapo joto la moshi hupanda upesi, na mafundi wengi hulichukulia nyuzi joto 700 hivi, zikipimwa kabla ya moshi kuingia katika tabo, kuwa mpaka usiofaa kuvukwa kwa muda mrefu. Dereva hawezi kuliona joto hilo, wala geji ya maji haimwambii, kwani maji ya rejeta huchelewa kupata habari za kinachotokea juu ya pistoni. Mhimili wa tabo nao huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili, hata bomba la kurudisha oili likipindwa vibaya au likikosa mteremko huweza kuuharibu. Hatari, basi, imefichika, na ndiyo sababu inawahusu wanafikihi pamoja na mafundi.

Atakayeitetea hiari ya mwenye gari ana hoja yenye nguvu katika madhehebu yake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake Minhaji kwamba kila mtu huitumia milki yake kwa kadiri ya ada, yaani mazoea ya watu, na kwamba dhamana, ambayo ni wajibu wa kulipa kilichoharibika, humwangukia pale anapoivuka ada hiyo. Imamu Ghazali, kabla yake, alizihesabu kazi za mikono kama vile kilimo na ufumaji miongoni mwa fardhi kifaya, wajibu ambao umma wote hupata dhambi ikiwa hapana hata mmoja anayeutekeleza. Na haifai kabisa, kwa mtazamo huo, kumwona kijana anayejifunza injini kuwa anachezea mali. Lakini gari haliko kama kisima kilichochimbwa ndani ya ua. Likitoka Mji Mkongwe kuelekea Nungwi hupita Bububu na Mahonda, katikati ya vijiji ambavyo watoto wanaotoka chuoni hutembea ukingoni mwa lami, na nguvu iliyoongezwa juu ya breki na klachi za zamani huwa imeongezwa pia katika maisha ya watoto hao, ambao hakuna aliyewataka shauri. Kanuni inayokataza mtu kudhuru na kulipizana madhara inafika hapo bila ya kuhitaji kuvutwa.

Kuhusu ujuzi, wanafikihi wanayo hadithi ya Mtume inayomtia dhamanani mtu anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, na hukumu yake imepanuliwa kwa kila mwenye kazi anayejitia asichokijua. Hapa ndipo penye fundo. Aristotle aliona zamani kwamba mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga; ikiwa ujuzi hupatikana kwa kutenda, na asiye na ujuzi amekatazwa kutenda, basi hakuna awezaye kuanza. Mila ya elimu ya Zanzibar ilikwisha kulijibu jambo hili kwa ijaza, ruhusa ambayo mwalimu humpa mwanafunzi aliyesoma mbele yake na kusahihishwa. Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi mkubwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1925, aliwahi kuwa nahodha wa chombo kabla ya kuketi katika ukadhi, na katika kazi zote mbili hakuna aliyekabidhiwa usukani au hukumu kwa kuwa amedhamiria tu. Mwanafunzi hutenda, ila kosa lake hukomea mbele ya mwalimu kabla halijamfikia abiria.

Kwa hiyo mpango wa kufunga tabo una uzito wa kisharia kabla ya spana kushikwa, na uzito huo umo katika mpangilio wa hatua zake. Anayepima kwanza mgandamizo wa kila silinda, akaacha kazi iwapo moja imechoka. Anayefunga kipimajoto cha moshi kabla ya kuigusa pampu. Anayeanza na shinikizo dogo, nusu ya lile la angahewa au chini yake, na breki zikiwa zimekwisha kutengenezwa. Anayemwita fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo aikague kabla gari halijatoka nje: huyo amejiwekea mahali pa kusimama katika kila hatua, na ikitokea hasara haiwezi kusemwa amevuka ada. Anayenunua tabo ya mtumba kwa kuwa ni rahisi, akaifunga usiku mmoja na kuwapakia watu asubuhi, amevuka, hata kama gari halikupata ajali. Tofauti hiyo ni ya haki: bahati njema ya abiria haimwondolei dereva dhambi ya kuwahatarisha.

Inabaki siku ya kuuza, ambayo wapangaji wengi huisahau. Sharia humpa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha bidhaa iliyokuwa na kasoro asiyoijua, na humkataza muuzaji kuificha kasoro hiyo. Injini iliyobeba tabo miaka mingi bila ya kuumbwa kwa ajili yake yaweza kuwa na ufa katika silinda hedi usioonekana kwa macho, na kuuondoa mtambo siku chache kabla ya mauzo ili gari lionekane la kiwandani ni ghushi, yaani udanganyifu katika biashara. Vipimo vya mgandamizo, kiasi cha shinikizo, tarehe za kubadili oili na joto la juu kabisa lililowahi kufikiwa vinapaswa kuandikwa tangu siku ya kwanza na kukabidhiwa pamoja na ufunguo, hata ikiwa bei itashuka kwa sababu yake.