Jina Ulilolileta na Jina Ulilolikuta

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wadogo wengi wameigeuza methali hii kuwa sera yao: fanya kazi safi, wateja watakujua, jina litajilinda lenyewe. Sawa. Lakini kizuri kikishajiuza, jina lake ni la nani? La aliyelifanya liaminike, au la aliyewahi kuliandikisha?

Niliwahi kumuuliza swali hilo mama mmoja mfanyabiashara pale Katesh, mjini Hanang. Akacheka. “Mwanangu, jina langu wanalijua mpaka Babati. Niliandikishe la nini? Kwani mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa si wangu?”

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko makala nyingi za sheria nilizosoma, kwa sababu lina ukweli mkubwa ndani yake. Cheti hakizai mtoto. Kinasema tu, mbele ya watu wasiokujua, kwamba mtoto huyu ana mama. Nyumbani hukihitaji. Utakihitaji siku atakapotokea mtu mwingine aseme, “Huyu ni wangu.”

Na jina la biashara nalo, siku ile ya kubishaniwa huja. Tuseme kuna mtu wa Dongobesh, wilayani Mbulu, anayekausha kitunguu saumu, anasaga, anaweka kwenye vikopo na kubandika stika yenye jina alilolibuni mwenyewe. Mbulu inajulikana kwa kitunguu saumu, kwa hiyo mali ipo. Kwa miaka sita hajawahi kuchanganya unga wa mahindi humo ndani ili kopo lijae. Jina lake sasa ni ahadi: ukiliona, huonji kwanza. Halafu mjanja wa mjini anaweka jina lilelile kwenye mzigo wake. Ameiba nini? Kopo hajagusa, mapishi hajayajua. Ameiba miaka sita ya mtu kujizuia kudanganya. Ndiyo maana nasema jambo hili ni la maadili kabla halijawa la mawakili.

Sheria inasemaje? Tanzania Bara tunayo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na msajili ni BRELA. Hapa wengi hujichanganya. Kusajili jina la biashara ni kitu kimoja, kusajili alama ya biashara ni kingine. La kwanza linaitambulisha biashara yako. La pili ndilo linalokupa haki ya peke yako ya kutumia alama kwenye aina fulani ya bidhaa. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45: viungo vilivyosagwa viko daraja la 30, kitunguu saumu kibichi kutoka shambani kiko la 31. Ombi likikubaliwa linatangazwa, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Usajili unadumu miaka 7, kisha unaweza kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Siku 60! Mama wa Dongobesh atalisoma wapi tangazo hilo? Aliyeanza kulitumia jina bila kulisajili hajafungiwa mlango kabisa, anaweza kudai. Ila atatakiwa kuthibitisha, na uthibitisho ni risiti, picha, tarehe, mashahidi. Sheria haikatai kwamba mtoto ni wake. Inamwambia tu alete karatasi.

Hanang inaijua habari hiyo vizuri mno. Miaka ya 1970 na 1980, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano upande wa Basotu, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walichungia na kuzikia wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa ushindi wa kiasi. Mahakama ya Rufani ikaupindua, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kisheria. Ardhi si stika ya kopo, najua. Lakini somo ni lilelile: kutumia kitu kwa heshima vizazi na vizazi, na kuweza kukithibitisha mezani kwa hakimu, ni mambo mawili tofauti.

Basi kila mtu akimbilie kusajili? Hapo ndipo ninapopunguza mwendo. Mama yule akisajili jina alilolibuni, analinda jasho lake. Je, akitaka kusajili “Kitunguu Saumu cha Mbulu” liwe lake peke yake? Sifa ya neno Mbulu hakuijenga yeye. Imejengwa na wakulima wengi, na udongo, na baridi ya milima. Akilizungushia ua, majirani zake watalala nje ya nyumba yao wenyewe.

Tumeshaviona visa vya namna hiyo. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno “Kikoy” huko kwao; Wakenya walipinga, na ombi halikufika mwisho. Disney iliomba kusajili “Hakuna Matata” kwa ajili ya fulana mwaka 1994 na ikasajiliwa Marekani mwaka 2003. Hakuna aliyekatazwa kuyatamka maneno hayo, na bado watu wengi waliumia walipopata habari. Nadhani waliumia kwa sababu waliona mgeni amewekewa kiti cha mwenye nyumba. Ethiopia iligeuza meza: kuanzia 2005 serikali yenyewe iliomba alama za Sidamo, Harar na Yirgacheffe kwa niaba ya wakulima wa kahawa, na mwaka 2007 ikafikia makubaliano na Starbucks.

Watu wa Mbulu na Hanang hawahitaji kufundishwa uzito wa majina. Wairaqw wameitwa Wambulu na wageni, Wadatoga wakaitwa Mang'ati, neno la Kimaasai linalomaanisha maadui. Wanajua ilivyo mtu mwingine akishika kalamu ya jina lako.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Kabla ya kujaza fomu, jiulize: jina hili nimelileta au nimelikuta? Ulilolileta, lisajili, na usione haya wala usiambiwe una tamaa. Ulilolikuta, kaa na wenzako kwenye ushirika mlitunze pamoja, maana mkiliacha bila mlinzi, atakayekuja kulichukua hatauliza nani alilipanda.