Kodi ya Chumba cha Nyuma

Kwetu kuna vyumba viwili. Cha mbele tunalala mimi, mama na wadogo zangu wawili. Cha nyuma kilikuwa cha mjomba, mpaka alipopata safari mwaka 2023 akaenda Marekani. Alituachia kitanda, godoro moja, na mlango wa mabati wenye kufuli. Kwa hapa Kakuma huo ni urithi, wenye kuishi hapa mnaelewa.

Mwaka 2025, mgao wa chakula ulipokuwa umepunguzwa na kila mtu anahesabu vikombe vya mahindi, alifika mama mmoja kutoka Burundi na watoto watatu. Alikuwa analala kwa jirani, watu tisa ndani ya hema moja. Aliomba chumba. Mama yangu akamwambia: 1,500 kwa mwezi.

Mimi nilikasirika. Nilingoja yule dada atoke, nikasema, "Mama, hii nyumba si tulipewa? Unamlipisha mtu kitu cha msaada?"

Mama akaniangalia. "Tulipewa nini, mwanangu? Tulipewa miti, mabati na turubai. Matofali nani alipiga?"

Nikanyamaza, kwa sababu alipiga yeye. Lakini swali halikuondoka, ndiyo maana naandika. Je, mkimbizi ana haki ya kumlipisha mkimbizi mwenzake kodi katika nyumba ya kambi? Na kama anayo, kiasi gani ni haki?

Nianze na upande wa mama. Tofali la udongo si udongo tu. Unachimba shimo, unamwaga maji, unakanyaga kwa miguu, unaweka kwenye kibao, unaanika juani, unaomba mvua isije. Na maji ya hapa unayajua: mitungi imepangwa foleni kwenye bomba tangu alfajiri. Kila tofali la ukuta wetu lina maji ambayo hatukuoga wala kufulia. Mtu akisema nyumba ile ni ya bure, anafuta jasho la mama yangu kama kwamba halikuwahi kutoka.

Sasa upande wangu. Ardhi si yetu. Hapa ni kwa Waturkana, wametupa nafasi tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, na wengi wao wenyewe bado wanalala kwenye vibanda vya matawi. Mabati yalinunuliwa kwa pesa za watu wa mbali ambao hatutawajua. Kwa hiyo nyumba yetu ina sehemu mbili: sehemu ya jasho na sehemu ya zawadi. Mtu anayelipisha kodi kwa jasho lake, sawa. Lakini anayelipisha kwa zawadi anauza kitu ambacho mwenyewe hakununua, tena anamuuzia mtu ambaye zawadi hiyo ingeweza kuwa yake kama angefika mapema. Kitu pekee kinachotutofautisha sisi na yule dada ni tarehe ya kufika.

Wataalamu wa makazi wana kipimo kimoja ambacho hutajwa sana: nyumba ni ya bei nafuu ikiwa haili zaidi ya asilimia 30 ya kipato cha wenye kuishi ndani. Nikachukua kipimo hicho nikampimia yule dada. Alipofika hakuwa na kipato chochote. Asilimia 30 ya sifuri ni sifuri. Baadaye alianza kufulia watu nguo, akawa anapata kama 3,000 kwa mwezi akibahatika. Hapo kipimo kinasema 900. Mama alikuwa ametaja nusu nzima ya pesa yake. Na nusu iliyobaki ni ya watu wanne kula, kununua sabuni, na mkaa.

Wenyeji wa Kenya nao wana shida hii. Kwa sheria ya mwaka 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Watu wengi wamelalamikia makato hayo, na sitaingia katika ugomvi wao. Ninachoona ni kwamba hata nchi yenye miji mikubwa imekubali jambo moja: ukiacha soko peke yake lipange bei ya paa, mtu wa chini atabaki nje. Kambini hatuna sheria ya kodi. Tuna dhamiri tu, na dhamiri ikiwa na njaa husinzia.

Sasa niseme nilichokiona yule dada alipoingia, maana hapo ndipo nilijifunza. Nilidhani faida ya nyumba ni kivuli. Kumbe kitu cha kwanza kilichobadilisha maisha yao kilikuwa kufuli. Hema halina mlango wa kufunga, kwa hiyo lazima mtu mmoja abaki kulinda sufuria, blanketi na kadi ya chakula. Aliyekuwa anabaki ni binti yake mkubwa. Wiki ya kwanza ndani ya chumba, binti akarudi shule. Hakuna aliyemhimiza, wala hakuna semina iliyofanywa. Kufuli ilishika kazi yake ya ulinzi, yeye akawa huru.

Cha pili, mama wake akapata mahali pa kutafutwa. Mteja wa nguo anataka kujua nguo zake ziko wapi. Kabla ya hapo watu waliogopa kumpa shuka, wakisema huyu kesho tutampata hema gani? Miezi miwili baadaye akaongeza mandazi asubuhi. Mandazi yanataka mkaa, na mkaa ananunua kwa mama wa Kiturkana anayepita na gunia kichwani. Duka la mbele nalo linauza unga na mafuta. Pesa ambayo ingeishia mfukoni mwetu kama kodi ilizunguka mtaa mzima kabla ya kulala. Mama yangu mwenyewe alisema, kwa kununa kidogo, kwamba siku hizi asubuhi kuna mandazi ya moto mlangoni.

Mimi nafanya kazi na vijana, na hili naliona katika daftari la mahudhurio. Kijana anayehamahama, leo kwa binamu, kesho kwa rafiki, ndiye anayepotea kwanza kwenye mazoezi, halafu kwenye darasa, halafu tunasikia yuko na kundi fulani kule laga usiku. Watu wanasema ana tabia mbaya. Mara nyingi hana pa kuweka daftari. Na msichana asiye na mlango analala na viatu miguuni. Sitaeleza zaidi, wanaojua wanajua.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kumwambia mama kwamba nimeshinda: bei ishuke, faida ni ya wote. Lakini kulikuwa na ufa kwenye ukuta wa nyuma, na huo ufa ukanirudisha darasani.

Mvua ya kwanza ilikuwa imekula udongo. Nikamuuliza yule dada, kwa heshima lakini kwa sauti ya mwenye nyumba, "Dada, mbona hupaki udongo hapa? Ukuta utaanguka."

Akajibu bila hasira. "Mdogo wangu, nipake ukuta ambao kesho mtanitoa?"

Maneno hayo niliyajua. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba kambi za Dadaab na Kakuma zitafungwa, na tarehe iliyowekwa ilikuwa Juni 2022. Kwenye bloku yetu watu waliacha kukarabati. Jirani aliyekuwa amenunua mabati mapya aliyarudisha dukani. Tulisema hivyo hivyo: tujenge nini, na kesho tunatolewa? Juni 2022 ikapita, kambi ikabaki. Sheria mpya ya wakimbizi ilikuwa imeshakuja, na mwaka 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, sasa tunaambiwa tutaishi pamoja na wenyeji kama watu wa mji mmoja. Pengine. Lakini kuta nyingi zilianguka katika ule mwaka wa kungoja.

Hapo nikaona aibu. Mimi niliyelalamika miaka yote kwamba wakubwa wanatuweka roho juu, nilikuwa nimemweka mtu roho juu katika chumba cha nyuma. Nilifikiri nyumba ya bei nafuu ni suala la bei. Bei ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kujua kwamba mwezi ujao utakuwa hapa. Mtu asiyejua hilo hapandi mboga, hapaki udongo, hamwandikishi mtoto shule ya karibu.

Wenzetu wa Kalobeyei waliliona hili kwa njia yao. Kule, ambako makazi yalianza mwaka 2016 kwa nia ya wakimbizi na wenyeji kuishi pamoja, familia nyingi zilipewa pesa za ujenzi kwa awamu kupitia benki, wakatafuta fundi wenyewe na kumsimamia wenyewe. Rafiki yangu wa kule anajua bei ya kila mfuko wa saruji ulioingia kwenye msingi wake. Hata Shigeru Ban, mbunifu wa majengo wa Japani anayejulikana duniani, alishirikiana na UN-Habitat kubuni nyumba za pale. Ni vizuri. Ila rafiki yangu haongelei michoro. Anaongelea kwamba alichagua mwenyewe dirisha likae upande gani.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zamani nilidhani methali hii inamfukuza mgeni. Sasa naisoma tofauti. Jembe halipewi mtu unayetaka aondoke. Unampa jembe mtu uliyekubali kwamba atavuna hapa. Kumpa mgeni kazi bila kumpa nafasi ni kumpa mpini usio na chuma. Na kumpa nafasi huku hatakiwi kuchangia chochote ni kumfanya abaki mgeni milele, jambo ambalo sisi wakimbizi tunalijua kuliko watu wote.

Kwa hiyo jibu langu si "bure." Kodi ya haki kambini, naona, ni ile inayolipa jasho bila kuuza zawadi, inayomwacha mpangaji na chakula, na inayokuja na ahadi ya muda. Tulikaa watatu, tukaandika kwenye karatasi ya daftari: 500 kwa mwezi, yeye atatunza ukuta wa nyuma, na hatutamtoa bila kumpa miezi mitatu ya kujipanga. Hakuna afisa aliyeweka saini. Kila mmoja aliweka jina lake.

Lakini tuseme ukweli. Mama alisema kitu ambacho bado kinanichoma: "Ni rahisi kuwa mtu mwema kwa pesa yangu." Ile 1,000 iliyopungua ilikuwa mafuta na dawa ya presha yake. Kwa hiyo kila mwezi natoa 500 kwenye posho yangu ndogo namwekea mezani. Bado anapungukiwa 500. Sijapata jibu la hiyo 500, na simwombi asahau. Haki niliyoitaka mimi, sehemu yake inalipwa na mwanamke wa miaka hamsini na nane.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi dogo. Mnapokuja na simu zenu kuhesabu nyumba, msiishie kwenye ukuta na paa. Ulizeni nani analala chumba cha nyuma, analipa nini, na anajua atakaa mpaka lini. Na kwa sisi wenyeji wa muda mrefu: kabla ya kutaja bei, tukumbuke tarehe yetu ya kufika.

Ufa ulizibwa wiki iliyofuata. Niliporudi kazini jioni nilimkuta yule dada na binti yake na ndoo ya udongo, mikono imejaa hadi kwenye viwiko. Walikuwa wamemaliza upande wao na wanaanza upande wetu. Nikavua viatu, nikaenda kuongeza maji.