Katikati Siyo Mizani

Wazee waliamua kila nyumba ilete matofali 50 ya ukuta wa kanisa. Sawasawa ndiyo haki, walisema. Nami nilikubali.

Chuoni mwalimu wetu mmoja alikuwa na darubini ndefu ya lenzi. Sisi tukaifunga katikati juu ya stendi yake. Ikainama upande wa mbele, maana lenzi ni nzito. Akalegeza vifungo, akaisogeza nyuma taratibu mpaka ikatulia bila kushikwa. Mahali pa kutulia palikuwa karibu na lenzi. Tena alipoweka kioo kizito zaidi cha kutazamia, alianza upya. Hata ile kubwa ya Yerkes, Marekani, ya mwaka 1897, yenye lenzi ya sentimita 102, haiponi sheria hiyo.

Basi nauliza: nyumba ya vijana wanne na nyumba ya bibi mwenye wajukuu wawili, zikipewa 50 kila moja, mzigo ni sawa? Hesabu ni moja, migongo siyo. Mtasema tukimpunguzia mmoja, wote wataomba. Ni kweli, na hilo linanitisha. Lakini bibi ameleta 28, na Jumapili mbili sasa hatujamwona ibadani. Kesho nakwenda kwake.