Mbu Naye Hupambana na Malaria

Katika maabara ya Taasisi ya Afya Ifakara huko Bagamoyo, Tanzania, mbu jike hula damu bila kumuuma mtu. Damu hutiwa kwenye kikombe kidogo cha kioo chenye utando mwembamba, ikapashwa hadi joto la mwili, naye mbu hutoboa utando kama atoboavyo ngozi. Siku kadhaa baadaye hupasuliwa, utumbo wake ukatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, na vifuko vya vimelea vya malaria vikahesabiwa kimoja kimoja.

Huwa ni vichache mno. Vimelea anavyonyonya ni vingi, lakini sehemu kubwa hufia tumboni mwake. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kuwa protini iitwayo TEP1, iliyo katika damu ya mbu, hushikamana na vimelea na kuviua. Walipoizima, vimelea vilivyonusurika viliongezeka sana. Kumbe kiumbe tunayemlaani kila usiku hupambana na adui yuleyule anayetuulia watoto.

Sasa wanasayansi wanataka kumwongezea mbu nguvu katika pambano hilo kwa kumbadilisha vinasaba, na jambo hili linagusa imani. Waumini wakisikia mbu amebadilishwa vinasaba, wengi huuliza: huku si kuingilia kazi ya Muumba? Swali hilo lina uzito, na mtaalamu anayelidharau anakosea. Sura ya An-Nisaa inataja kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu kuwa ni katika vishawishi vya shetani. Kitabu cha Mwanzo kinamkabidhi binadamu viumbe, na wanateolojia bado wanajadiliana kama alikabidhiwa awe mwenye mali au mtunzaji. Tena mbu si kiumbe duni katika maandiko: ametajwa kwa jina katika Suratul Baqara, aya ya 26, kuwa ni mfano ambao Mungu haoni haya kuutoa.

Basi tutazame kilichofanyika hasa. Mwaka 2022 wanasayansi wa Imperial College London walieleza jinsi walivyompa mbu uwezo wa kutoa tumboni, kila anaponyonya damu, kemikali mbili: moja ya asili ya chura wa Afrika, nyingine ya sumu ya nyuki. Kemikali hizo hudumaza kimelea. Kwa kawaida kimelea huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kufika kwenye tezi za mate, na mbu wengi hawaishi zaidi ya hapo. Kikichelewa kidogo tu, mbu hufa nacho. Mwaka 2025 ikatangazwa kuwa mbu wa namna hiyo, safari hii waliotengenezwa Tanzania, walizuia vimelea vilivyotoka katika damu ya watoto wa Kitanzania walioambukizwa.

Ipo njia nyingine. Mwaka 2018, huko huko London, mbu waliovurugwa jeni ya jinsia walitoweka kabisa ndani ya vizimba katika vizazi 7 hadi 11. Kimaadili njia hizi mbili haziko sawa. Moja inamfuta kiumbe. Nyingine inaiongezea nguvu vita aliyokwisha kuianza mwenyewe, na hiyo inakaribia tiba kuliko uharibifu. Kwa mizani ya mtunzaji, hii ya kumwongezea mbu nguvu ndiyo inayostahili kutangulia.

Lakini nia njema haitoshi. Mbu havuki mpaka kwa pasi, na aliyekwisha kuachiwa harudishiki kwa urahisi. Agosti 2025 serikali ya Burkina Faso ilisimamisha mradi wa Target Malaria, uliokuwa umeanza kuachia mbu waliobadilishwa vinasaba. Upande wa pili, kukaa kimya nako ni uamuzi: mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano.

Mbu waliobadilishwa vinasaba huko Bagamoyo bado wako maabarani. Huu ndio wakati wa kuwaalika masheikh, mapadri na wazee wa vijiji waingie, wainame kwenye hadubini, waulize kwa Kiswahili na wajibiwe kwa Kiswahili, kabla mlango haujafunguliwa.