UBAINIFU BAINA YA KILICHO MBALI NA KILICHO GHAIBU

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba macho na akaumba nuru ya kuonea. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila afuataye uwongofu wao mpaka siku ya mwisho.

Wa baadu. Waraka huu unawaelekea Waislamu wa Butimba na wa pwani yote ya Ziwa: wavuvi na wakulima, walimu na wanafunzi, na akina mama majumbani. Maudhui yake ni jambo moja, nalo ni kubainisha tafauti ya kitu kilicho mbali na kitu kilicho ghaibu. Mwenye kuvichanganya viwili hivyo huanguka katika moja ya makosa matatu, na la tatu katika hayo limekwisha mwaga damu katika nchi hii ya Ziwa.

KHABARI YA CHOMBO KILICHOITWA UHURU

Yajulikane kwanza kwamba kuipeleka darubini juu mbinguni si jambo geni kwa Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Kimarekani iitwayo Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Wataliana walilisimamisha juu ya miguu ya chuma baharini, katika ghuba ya Ngwana karibu na Malindi. Roketi hiyo ilichukua chombo chenye uzito upatao kilo 140, yaani uzito wa watu wazima wawili tu. Bibi Marjorie Townsend wa Marekani, aliyeusimamia mradi huo, alikipa chombo jina la Kiswahili, Uhuru, kwa ajili ya siku ile. Nacho ndicho chombo cha kwanza duniani kuwekwa juu kwa kazi hiyo peke yake: kuitafuta miali ya eksirei itokayo katika nyota.

Jukwaa lilichaguliwa karibu na Ikweta kwa hekima. Dunia hapo huenda mbio kuliko mahali pengine pote katika mzunguko wake, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi ielekeayo mashariki hupata msaada wa mwendo ule, mfano wa ngalawa iliyopata upepo na mkondo kwa pamoja. Na njia ya chombo hicho haikutoka nje ya Ikweta, kaskazini wala kusini, ila kwa kadiri ya digrii tatu. Butimba nayo imo ndani ya mkanda huo. Basi Uhuru, kikiizunguka dunia kila dakika 96 hivi, kwa urefu wa kilomita 500 na zaidi, kilikuwa kikipita katika anga la Ziwa mara kumi na kadhaa kila siku, na wavuvi waliokuwa majini usiku hawakuwa na khabari nacho.

Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani ya kuipandisha darubini juu, na hali nyota zaonekana kutoka ardhini? Jawabu ni hili. Miali ya eksirei ni ile nuru isiyoonekana kwa macho ambayo hospitalini hupenya nyama ikapiga picha ya mfupa. Itokayo mbinguni huzuiliwa na hewa, haifiki ardhini. Na kuzuiliwa huko ni rehema, kwani ingewadhuru viumbe. Lakini kilicho ngao kwa mwili kimekuwa pazia kwa jicho. Mvuvi ajua kwamba maji ya Ziwa yakiwa mazito, samaki aliye pima tatu chini haonekani. Yupo, ila maji yamemficha. Kadhalika watu wa ilmu ya falaki walijua kwamba yapo mambo yaliyofichwa na hewa, wakataka kutoka juu yake. Tangu mwaka 1962, ilipogunduliwa nyota ya kwanza ya namna hiyo iliyo mbali na jua, walikuwa wakitumia roketi zipandazo na kushuka, zikiwapa dakika chache tu za kutazama. Uhuru kilikaa juu kikafanya kazi miaka miwili na zaidi, hata mwezi wa Machi 1973.

Katika kazi hiyo yalihesabiwa mahali 339 mbinguni panapotoka miali ile. Mmoja wa mfano ni nyota iitwayo Centaurus X-3. Miali yake ilionekana ikipiga kama mshipa wa mkono, pigo moja kila sekunde 4.8. Kisha pigo hilo likawa laharakishwa kidogo na kucheleweshwa kidogo kwa mpango, kila siku mbili na saa chache, na katika kila zamu likatoweka kwa muda wa karibu nusu siku, kisha likarudi. Watu wale hawakukimbilia kutoa hukumu. Walipima, wakarudia kupima, wakalinganisha hesabu, ndipo wakasema: hii ni nyota ndogo iizungukayo nyota kubwa, na kutoweka kwake ni kupita nyuma ya mwenzake.

Mfano wa pili umo katika kundi la nyota ambalo Waarabu waliliita Dajaja, maana yake Kuku, na mpaka leo Wazungu huiita nyota yake moja Deneb, nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya mkia. Humo Uhuru kilionyesha miali ikimetameta kwa haraka ajabu. Wengine wakaelekeza darubini za ardhini upande ule, wakaona nyota kubwa ikivutwa na kitu kizito kisichoonekana. Ilipofika mwaka 1972 walisema kwamba yamkini hicho ni shimo jeusi, kitu ambacho uzito wake hauiachi hata nuru kutoka. Mkuu wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa tunzo ya Nobel mwaka 2002.

Na litazamwe jambo moja katika khabari hizi, nalo ni adabu ya kusema. Aliyeona alisema ameona. Aliyekisia alisema amekisia. Na kila neno liliachwa wazi ili mtu wa taifa jingine, mwenye chombo kingine, alipime na alikatae akiliona si kweli.

KHABARI YA DARUBINI YA WEBB

Baada ya Uhuru vyombo vingi vilifuata. Kilichotajwa zaidi katika zama hizi ni darubini iitwayo James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, katika Guyana ya Kifaransa, kwa ushirika wa Marekani, Ulaya na Kanada. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, nacho kimeunganishwa kwa vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu huirudisha vizuri ile nuru ya joto isiyoonekana kwa macho. Hapana roketi iliyoweza kuchukua kitu kipana namna hiyo. Kwa hiyo kilikunjwa, pamoja na mwavuli wa tabaka tano wa kukikinga na jua, ambao ukifunuliwa una ukubwa wa karibu uwanja wa mchezo wa tenisi.

Kukunja ni kazi, na kukunjua ni kubwa zaidi. Wahandisi walihesabu mambo 344 ambayo lolote katika hayo lingekosea, chombo chote kingeweza kupotea. Wala hapana fundi awezaye kukifikia akitengeneze, kwani mahali pake ni mbali na dunia kadiri ya kilomita milioni moja na nusu. Mwavuli ukafunuka, tabaka baada ya tabaka. Tarehe 8 Januari 2022 bawa la mwisho la kioo likafunguka, na tarehe 24 mwezi huo chombo kikafika mahali pake. Picha zake zilitolewa mwezi wa Julai 2022, zikaonyesha makundi ya nyota ambayo nuru yake ilianza safari miaka elfu nyingi za milioni iliyopita.

Watu wale walifanya kazi miaka zaidi ya ishirini, wakajaribu kila bawaba na kila kamba. Muislamu aliyefundishwa amfunge ngamia kwanza ndipo ategemee kwa Mola wake, yampasa aone haya ikiwa wasiofundishwa maneno hayo wanayatenda kuliko yeye.

MAKOSA MATATU

Kosa la kwanza ni la yule asemaye kwamba kuzichungua mbingu kwa vyombo ni kufuru na kuingilia siri za Mungu. Huyo amekifanya kilicho mbali kuwa ghaibu. Kurani tukufu imemwita mwanadamu mara nyingi azitazame mbingu na azifikiri. Abdulrahman al-Sufi wa Isfahan, mnamo mwaka 964, aliandika kitabu cha nyota akataja ndani yake kiwingu kidogo, na leo yajulikana kwamba kiwingu kile ni kundi la nyota zisizohesabika. Ibn al-Haytham wa Basra, miaka ipatayo elfu iliyopita, alieleza kwamba jicho huona kwa nuru ijayo kwake kutoka kwa vitu. Imamu mzee avaapo miwani asome msahafu, hapana asemaye kwamba amekufuru. Na darubini ni miwani iliyozidi ukubwa.

Kosa la pili ni la kijana aliyesoma kidogo, asemaye kwamba mbingu zimetazamwa na Mungu hakuonekana, basi Swala haina haja. Huyo amekifanya kilicho ghaibu kuwa ni kitu cha mbali tu. Mfano wake ni mtu aliyelipima Ziwa kwa kamba, asimkute ndani yake aliyeliumba, akarudi akasema Ziwa halina muumba. Kazi ya kamba ni kupima kina, nayo imeifanya. Mwenyezi Mungu si nyota iliyojificha nyuma ya nyota nyingine hata atafutwe kwa kioo.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni la mpiga ramli na wenye kumwendea. Huyo hudai kuyaona ya ghaibu wala hana chombo, hana kipimo, hana shahidi. Humwambia mvuvi nyota yake imefunikwa, na mwenye duka kwamba mali yake imefungwa, na mama aliyefiwa kwamba mwanawe hakufa kwa homa bali ameuawa na jirani.

Na yakumbukwe yaliyotokea Madina mwaka wa kumi wa Hijra. Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), alifariki angali mtoto wa kunyonya, na siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Mtume alikuwa katika msiba, na maneno yale yalikuwa ya kumtukuza mwanawe, wala asingelaumiwa na mtu lau angenyamaza. Lakini hakunyamaza. Aliwabainishia kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akawaamrisha Swala. Basi ikiwa mbingu hazikutoa ramli kwa kifo cha mwana wa Mtume, zitaitoa kwa wavu wa mvuvi wa Butimba?

Matunda ya kosa hilo yajulikana. Kanda ya Ziwa haijaisahau miaka ya 2007 na 2008 na iliyofuata, ambapo watu wenye ualbino, watoto miongoni mwao, waliuawa na kukatwa viungo, kwa sababu wako waliowaambia wenye tamaa kwamba viungo hivyo huleta samaki wavuni na dhahabu mgodini. Na tangu zamani, Mwanza na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, katika kuwapikia watoto na wajukuu miaka hamsini. Mwezi wa Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Lakini amri ya serikali huufunga mlango wa mpiga ramli. Mguu wa mwenye kumwendea haufungwi ila na imani yake.

Sheria ya Kiislamu haikubali kumhukumu mtu juu ya shilingi moja bila ya ushahidi. Vipi basi ichukuliwe roho ya bibi kizee kwa kauli ya mtu mmoja aliyetazama matumbo ya kuku?

YANAYOMPASA MUISLAMU

Yampasa kwanza asimwendee mpiga ramli, wala kwa mzaha. Kwani imekuja katika hadithi sahihi kwamba mwenye kumwendea na kumwuliza haikubaliwi Swala yake siku arubaini.

Pili, akiletewa neno la ramli juu ya jirani, aulize maswali matatu ambayo watu wa darubini huulizana kila siku: Umeona nini? Umepimaje? Ni nani mwingine aliyeona? Neno lisilo na jawabu ya hayo lisiruke kizingiti cha nyumba yake.

Tatu, awe ngao ya mnyonge. Mtoto mwenye ualbino ni amana ya mtaa mzima, na kikongwe mwenye macho mekundu ni mama. Atakayesikia shauri la kuwadhuru akanyamaza, ameshiriki. Na yampasa aende kwa viongozi na kwa polisi kabla jua halijatua.

Nne, awasomeshe watoto wake hesabu na ilmu ya falaki pamoja na Kurani, wa kiume na wa kike, ili wajue tafauti ya kujua na kudai.

Ewe Mola, utupe macho ya kuona uliyoyadhihirisha, na adabu ya kunyamaza katika uliyoyaficha, na uzilinde roho za wanyonge wa nchi hii na ndimi za waongo. Amin.