Kuipua Karai Siku ya Kiama

Jumatano ya tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Mbagala, watu wengi wa upande wetu wa Temeke waliamini kwamba Kiama kimefika. Ardhi ilitikisika, mabati yakagongana, vyuma vikaanza kudondokea nyumba za watu. Aliyekuwa akifua aliacha nguo kwenye beseni. Barabara ya Kilwa ikajaa watu wanaokimbia wasijue waendako, wengine wakitoa shahada, wengine wakiliita jina la Yesu.

Katika nyumba niliyokuwa nimepanga alikuwepo mama mmoja muuza bagia. Saa hiyo alikuwa barazani, karai liko motoni, mafuta yamechemka. Alipiga yowe kama sisi sote. Halafu akakunja kanga yake mikononi, akaliipua lile karai, akaliweka pembeni mbali na mapito, akaumwagia mkaa maji. Wala hakukimbilia nje. Alikwenda uani, chumba cha mwisho, alikolala babu mmoja mpangaji mwenzetu aliyepooza miguu. Akamtoa kwa kumkumbatia kifuani, akamlaza kwenye toroli la madumu ya maji, akaniita, "Mwanangu, shika huku." Tukasukuma.

Siku chache baadaye, jioni, nilimkuta barazani anachambua kunde kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa, nikamuuliza siku ile alidhani ni nini. Akasema hakuwa na shaka kuwa ni Kiama. Basi karai uliipua la nini, mama? Alinitazama kidogo.

"Yangemwagikia mtoto wa mtu."

Nimeishi na jibu hilo miaka mingi, na kila ninapolirudia naliona kubwa zaidi. Kwa hesabu ya kawaida halina maana. Dunia ikiisha dakika hii, mafuta ya moto yana uzito gani? Huyo mtoto wa mtu ana muda gani wa kuungua? Lakini mama yule hakupiga hesabu. Mkono wake ulikuwa umeshazoea kumwangalia mwingine, na hata mbingu zilipoonekana kuanguka, mkono haukusahau.

Nadhani hapo ndipo imani inapojulikana ni ya namna gani. Hofu ya mwisho wa dunia ina amri moja: okoa nafsi yako. Inaweza kuvaa kanzu, inaweza kushika rozari, inaweza kulia machozi ya kweli mkesha mzima, lakini ndani yake yumo mtu mmoja tu. Jirani hayumo. Na Mungu mwenyewe, nasema hili kwa uchungu, hayumo sana; yumo kama moto unavyokuwa katika mawazo ya anayeukimbia.

Hofu hiyo haivumilii muda pia. Lazima ipewe tarehe, na tarehe ikipita itafutiwe nyingine. Mwaka 1908, nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani na vidonda vya Maji Maji bado vibichi, ilienea barua pwani ya kusini, Lindi na kwingineko, ikidaiwa kutoka Makka. Ilimtaja Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, aliyeoteshwa kwamba mwisho umekaribia. Watu wakajaa misikitini, watawala wakaingiwa na wasiwasi. Barua yenye jina hilohilo la Sheikh Ahmad ilikuwa imeshapita huko Indonesia ya leo miaka ya 1880, na hata sasa huingia kwenye simu zetu kwa WhatsApp, pamoja na onyo la msiba kwa atakayeisoma asiitume kwa wengine. Simlaumu anayeituma. Mara nyingi ni mama mzima, mwenye wajukuu, anayeogopa kuwa yeye ndiye atakayekata mnyororo. Ninachouliza ni hiki: barua inayomfanya amtumie mwenzake hofu ili yeye apone, imemfundisha nini kuhusu Mola wake?

Wapo waliofikishwa mbali zaidi. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, waumini waliambiwa dunia itafikia mwisho tarehe 31 Desemba 1999. Kukapambazuka. Tarehe 17 Machi 2000, mamia wakateketea ndani ya jengo lao la ibada. Na kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho. Watoto walikuwa wengi. Hapo huwa nakwama. Namfikiria mzazi anayesikia mwanawe analilia uji, na uji angeweza kuupata, na akanyamaza kwa sababu anaamini. Sidhani alikuwa mkatili. Hofu ilikuwa imekata ule uzi ambao hata mnyama wa porini haukati.

Najua nitakavyojibiwa. Ukiondoa hofu, watu watalewa, wataiba, watasahau sala. Jibu hilo nalichukulia kwa uzito, maana namfahamu mtu wa Tandika aliyeacha gongo usiku mmoja baada ya kusikia mahubiri ya jehanamu, na watoto wake wakaanza kula vizuri. Hofu ilimshtua, ikamwamsha. Lakini miaka iliyofuata, ile ya kuamka alfajiri bila pombe na bila mtu wa kumtisha, hakuimaliza kwa hofu. Aliimaliza kwa sababu binti yake alikuwa akimsubiri mlangoni.

Lugha yetu yenyewe imeliona hili. Hatumwiti mtu mwema mwoga wa Mungu; tunamwita mcha Mungu. Kucha si kuogopa tu. Mwoga wa simba humkimbia simba. Mtoto anayemcha mama yake hukaa karibu naye, na kinachomtetemesha ni kumwumiza. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus wa karne ya 14, aliufananisha moyo unaomwendea Mungu na ndege: mapenzi ni kichwa, hofu na matumaini ni mabawa. Hofu ina kazi yake, basi, lakini bawa haliwezi kuongoza safari.

Na lile swali la lini, tunalolipenda sana vijiweni na kwenye mihadhara? Imepokewa kwa swahaba Anas kuwa mtu alimwuliza Mtume Kiama ni lini. Hakupewa tarehe. Aliulizwa yeye amekiandalia nini. Akakiri kwamba hana maandalizi makubwa, ila anampenda Mungu na Mtume wake; akaambiwa atakuwa pamoja na anaowapenda. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 24 inasema siku ile haijulikani na mtu. Sura ya 25 inaeleza hukumu, na humo hakuna aliyeulizwa kama alikuwa amekisia vyema. Waliulizwa habari za mwenye njaa, mwenye kiu, mgonjwa, mfungwa. Na ipo hadithi nyingine ya Mtume, kwamba Saa ikisimama nawe una mche wa mtende mkononi, ukiweza kuupanda, upande. Nani atakula tende zake? Hakuna. Unapandwa kwa kuwa kupanda ni kwema. Karai linaipuliwa kwa kuwa yupo mtoto wa mtu.

Nilimweleza mama hadithi hiyo ya mche jioni ileile. Hakuwahi kuisikia. Akacheka kidogo, akasema mitende haioti vizuri Mbagala, kisha akanyamaza muda. Bati juu yetu lilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, nyota zikaanza kuonekana humo. Ndani babu alikohoa, naye akamuuliza kwa sauti, "Babu, nikuletee maji?" Kisha akamimina kunde kwenye sufuria, akazijaza maji hadi zikafunikwa, akaweka mfuniko na jiwe juu yake paka asifunue, kwa ajili ya bagia za kesho.